Je, Wajua? Leicester, Mji Uliomfukua Mfalme Kwenye Maegesho ya Magari

Je, wajua kwamba kwa zaidi ya miaka 150 wakazi wa Leicester, mji ulio kilomita kama 160 kaskazini ya London, walikuwa wakipita kando ya kibao cha jiwe kinachowaambia kuwa Mfalme Richard III amelala jirani na Daraja la Bow, kumbe kibao kinawadanganya? Kiliwekwa mwaka 1856 na mjenzi wa mjini hapo, Benjamin Broadbent. Yeye mwenyewe hakuwa mwongo. Aliandika alichosimuliwa: kwamba watawa wa kanisa alimozikwa walipofukuzwa na nyumba yao kuvunjwa katika miaka ya 1530, umati uliifukua mifupa ya mfalme, ukaipitisha barabarani kwa kelele na kuitupa katika Mto Soar, hapo darajani. Wengine walitia chumvi zaidi. Walisema jeneza lake la mawe liligeuzwa hori la kunyweshea farasi.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wa Leicester wana namna yao ya kulipima lisemwalo. Hulipeleka ukumbini jioni, mmoja akasimama mbele na picha zake, wengine wakaketi kusikiliza, kisha maswali yakaanza. Karibu kila jambo katika safu hii lina mkono wa watu wa mikutano ya namna hiyo: walimu wa jioni, mafundi, makasisi, wastaafu, na mara mojamoja profesa.

Mihadhara yenye umri wa karibu karne mbili

Chama cha Fasihi na Falsafa cha Leicester kilianzishwa mwaka 1835, na mpaka leo huandaa mihadhara ya wazi msimu wa baridi. Chama kingine, cha akiolojia na historia ya mji na mkoa wake, kilifuata mwaka 1855. Cha kwanza hakikuishia kwenye maneno. Wanachama walikusanya visukuku, ndege waliokaushwa, sarafu na vyungu vya kale, wakaukabidhi mji mkusanyiko huo, na mwaka 1849 ukafunguliwa kuwa makumbusho ya umma katika barabara ya New Walk. Jengo lenyewe lilichorwa na Joseph Hansom, yule yule aliyebuni gari la farasi la magurudumu mawili lililokuja kuwa teksi ya London.

Kwa nini msimu wa baridi? Kwa sababu saa kumi jioni kumeshakuwa giza, bustani hazilimiki, na mtu mwenye akili zake hutafuta ukumbi wenye joto. Kiangazi kikija, vyama hivyo hivyo hutoka nje: matembezi ya kuongozwa mitaani, makaburini, kandokando ya mifereji. Septemba kuna siku za urithi, zilizoanza Uingereza mwaka 1994, ambapo majengo ambayo kwa kawaida hufungwa au hutoza kiingilio hufunguliwa bure kwa kila mtu.

Mikutano midogo ya vyama vya mitaa haina makuu. Hufanyika katika ukumbi wa kanisa au maktaba. Mgeni hulipa pauni chache mlangoni, mwanachama hulipa ada ya mwaka. Kuna viti vinavyokunjwa, projekta, chai na biskuti, na mara nyingi bahati nasibu ya kuchangia gharama. Mzungumzaji huzungumza kwa muda wa saa moja hivi. Halafu huja kipindi ninachokiona kuwa ndicho chenye utamu, kipindi cha maswali, kwa sababu swali la kwanza mara nyingi si swali. Ni mzee anayesimama kusema kwamba kiwanda kilichoonyeshwa kwenye picha ya tano mama yake alikifanyia kazi, na mlango wake haukuwa pale aliposema mzungumzaji.

Je, wajua kwamba safari ya Amazoni ilianzia maktabani Leicester?

Mwaka 1844 mwalimu kijana, Alfred Russel Wallace, alikuja kufundisha shule moja mjini. Katika maktaba akakutana na Henry Walter Bates, kijana aliyekuwa akijifunza biashara ya soksi na aliyekuwa na wazimu wa kukusanya mbawakawa. Miaka minne baadaye wote wawili walikuwa Brazil. Wallace ndiye aliyekuja kufikia nadharia ya uteuzi wa asili kwa njia yake, sambamba na Charles Darwin. Bates alirudi na maelfu ya wadudu, na kuanzia mwaka 1864 akawa katibu msaidizi wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, ile ile iliyowatuma Burton na Speke kupitia Zanzibar mwaka 1857 kutafuta maziwa makuu.

Idara ya kwanza ya aina yake

Je, wajua kwamba chuo kikuu cha kwanza Uingereza kuwa na idara ya historia ya mitaa na vijiji, isiyohusika na wafalme wala vita vikubwa, kilikuwa Leicester? Idara hiyo ilianzishwa mwaka 1948, na chimbuko lake ni madarasa ya usiku.

W. G. Hoskins, mtoto wa mwoka mikate wa Exeter, alifika Leicester mwaka 1931 kufundisha mambo ya biashara. Somo lilimchosha. Jioni alikwenda kufundisha historia ya mahali katika Chuo cha Vaughan, shule ya watu wazima iliyoanzishwa mwaka 1862 na David Vaughan, kasisi wa Kanisa la St Martin, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Mwishoni mwa wiki alitembea vijijini kwa miguu akisoma ardhi. Alikuwa akitazama uwanja wa malisho wenye matuta na mabonde madogo, akaona pale palikuwa na mtaa wa nyumba. Pale mbele, penye shimo lililozibwa, palikuwa na bwawa la samaki.

Mfano mmoja ni Ingarsby, kilomita chache mashariki ya mji. Mwaka 1469 Abasia ya Leicester, iliyokuwa mmiliki wa ardhi, iliizungushia ua na kuigeuza malisho. Watu wakaondoka, kondoo wakaingia. Ukisimama leo huoni nyumba ya enzi hizo hata moja, lakini jua la jioni likilala chini, vivuli vinachora njia za kijiji kwenye nyasi waziwazi. Hoskins aliwafundisha Waingereza kuona vitu hivyo. Kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu namna mandhari ya nchi ilivyoundwa kilimfikia mtu wa kawaida, na miaka ya 1970 BBC ikampeleka kwenye televisheni. Mimi namheshimu kwa jambo dogo zaidi: aliamini kwamba fundi viatu aliyekuja darasani usiku anaweza kutoa ushahidi ambao profesa hana.

Katika miaka hiyo mwanabayolojia Max Hooper alitoa kanuni ambayo bado inapendwa kwenye matembezi ya vyama: hesabu aina za miti na vichaka katika kipande cha mita 27 hivi cha ua wa shamba, na kila aina ihesabu kama miaka 100. Aina tano, karne tano. Wataalamu wa baadaye wameonyesha kwamba kanuni haishiki kila mahali, kwa kuwa kuna wakulima waliopanda aina nyingi siku moja. Watu wanaendelea kuhesabu tu.

Walitaka bwawa la kuogelea, wakakuta bafu

Mwaka 1936 baraza la mji lilikuwa na mpango wa kujenga mabwawa ya kuogelea ya umma kando ya Jewry Wall, ukuta wa Kirumi wenye urefu wa kwenda juu wa mita tisa hivi, mmoja wa kuta ndefu za Kirumi zilizobaki Uingereza. Mwanaakiolojia Kathleen Kenyon, ambaye baadaye angepata umaarufu kwa kuchimba Yeriko, aliitwa kuchimba kwanza. Alichimba hadi 1939. Mwanzoni alidhani amepata uwanja wa soko wa mji wa Kirumi. Alichokuwa amepata ni bafu za umma za karne ya pili. Mabwawa mapya hayakujengwa hapo. Warumi walikuwa wamewahi mradi huo kwa miaka 1,800.

Mfalme, herufi R na michango ya wapenzi

Sasa turudi kwa Richard. Aliuawa tarehe 22 Agosti 1485 katika mapigano ya Bosworth, magharibi ya Leicester, na ndiye mfalme wa mwisho wa Uingereza kufia vitani. Mwili ulirudishwa mjini uchi juu ya farasi, ukaonyeshwa watu, ukazikwa haraka katika kanisa la watawa Wafransisko. Aliyemshinda, Henry VII, alikuwa na sababu zote za kutaka mtangulizi wake akumbukwe kwa ubaya, na karne moja baadaye Shakespeare akamvika kibiongo na mkono uliopooza. Picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani.

Watu waliokataa picha hiyo waliunda chama mwaka 1924. Leo kinaitwa Chama cha Richard III. Kwa miaka mingi wanahistoria wa vyuoni waliwatazama wanachama wake kwa tabasamu la upole, kama mtu anavyomtazama mjomba anayesimulia habari moja kila sikukuu. Lakini walikuwa wakisoma. Walijua kwamba mwaka 1612 mgeni mmoja aliyekwenda kwenye bustani ya Robert Herrick, aliyewahi kuwa meya wa Leicester, aliona nguzo ya mawe yenye maandishi kwamba mfalme amelala hapo. Kama bustani hiyo ilikuwa juu ya kiwanja cha watawa, basi hadithi ya mtoni imekwisha. Mwaka 1986 mwanahistoria David Baldwin, aliyekuwa akifundisha watu wazima, aliandika makala akisema kaburi huenda bado lipo katika eneo la Greyfriars, yaani kiwanja hicho cha watawa, na kwamba siku moja linaweza kuchimbuliwa. Hakuna aliyekimbilia koleo.

Mwaka 2009 mwandishi Philippa Langley na wenzake wachache, akiwemo mwanahistoria John Ashdown-Hill, walianzisha mradi wa kumtafuta. Langley si mwanaakiolojia. Amesimulia mwenyewe kwamba alipofika kwenye maegesho ya magari ya idara ya ustawi wa jamii, hapo Greyfriars, alihisi baridi mwilini mahali fulani, na aliporudi mara nyingine akakuta pameandikwa herufi R chini. R ile ilimaanisha tu kwamba sehemu hiyo ya kuegesha imetengwa kwa mtu. Mimi sina imani na hisia za namna hiyo, ila sina budi kukiri kwamba mtaro wa kwanza ulipita karibu sana na R.

Pesa za kuchimba zilipopungua mwezi Julai 2012, wapenzi wa Richard kutoka nchi mbalimbali walichanga zaidi ya pauni 10,000 kwa muda mfupi. Waakiolojia wa Chuo Kikuu cha Leicester walianza kazi tarehe 25 Agosti 2012. Siku hiyo hiyo ya kwanza wakakuta mifupa ya miguu. Waliifunika wakaendelea, maana walikuwa wakilitafuta kwanza kanisa, na hawakutegemea kabisa kumpata Richard. Mwanzoni mwa Septemba, baada ya kujua kwamba hapo palikuwa sehemu ya kwaya ya kanisa, waliifunua mifupa yote.

Kaburi lilikuwa fupi kuliko maiti. Kichwa kilikuwa kimeinuliwa na kuegemezwa ukingoni, kana kwamba wachimbaji walikuwa na haraka na hawakutaka kuongeza hata sentimita chache. Hakukuwa na jeneza wala sanda iliyoacha alama. Mikono ilikuwa imekutana nyongani, na huenda ilikuwa imefungwa. Nyayo hazikuwepo, zilipotea kwa ujenzi wa baadaye. Uti wa mgongo ulipinda kwa upande kama herufi S, hali ambayo ingeinua bega la kulia kidogo lakini haimpi mtu kibiongo. Mikono yote miwili ilikuwa mizima. Fuvu lilikuwa na majeraha kadhaa, mawili kati yake makubwa nyuma, yanayoonyesha kwamba kofia ya chuma ilikuwa imeshamtoka. Na kwenye udongo wa tumboni wataalamu waliona mayai ya minyoo. Mfalme alikuwa na minyoo kama raia wake.

Je, wajua kwamba alitambuliwa kwa msaada wa fundi seremala?

Hapa kazi ya mpenzi wa historia ndiyo ilikuwa ufunguo. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo mtu huirithi kwa mama pekee, kwa hiyo mfalme na dada yake Anne wa York walikuwa nayo ile ile, na binti za Anne, na binti za binti zao. Miaka kadhaa kabla ya uchimbaji, Ashdown-Hill alikuwa ameshaufuata mnyororo huo wa wanawake hadi kwa mama mmoja aliyehamia Kanada. Mama huyo alifariki mwaka 2008. Mwanawe, Michael Ibsen, alikuwa fundi samani London. Akatoa mate kwenye pamba. Yakaoana na mifupa.

Tarehe 4 Februari 2013 chuo kikuu kilitangaza rasmi. Mtaalamu wa vinasaba, Turi King, aliendelea, na mwaka 2014 matokeo kamili yakachapishwa na utata wake: kwa upande wa akina mama, mambo yalikaa sawa, kwa upande wa akina baba, hayakukaa. Wanaume wa leo wanaohesabiwa kuwa wa ukoo huo kwa baba hawakulingana na mfalme kwa vinasaba. Mahali fulani kati ya karne ya 14 na sasa, mtoto mmoja angalau alihesabiwa kuwa wa mtu ambaye hakuwa baba yake. Ni nani, na lini, vinasaba havisemi. Ukienda kwenye mhadhara wowote kuhusu Richard, swali hilo halikosi, na huleta vicheko.

Chuo hicho kilikuwa na historia na vinasaba tangu zamani. Asubuhi ya tarehe 10 Septemba 1984, Alec Jeffreys aligundua hapo Leicester kwamba vinasaba vinaweza kumtambulisha mtu mmoja mmoja kama alama za vidole. Kesi ya kwanza iliyotumia ugunduzi huo haikuwa ya mauaji. Ilimhusu mvulana wa familia kutoka Ghana ambaye maofisa wa uhamiaji hawakuamini kuwa ni mtoto wa mama yake. Alikuwa mtoto wake.

Jiji la York nalo lilimtaka Richard, kesi ikaenda mahakamani London, na mwezi Mei 2014 majaji wakaiachia Leicester. Tarehe 26 Machi 2015 alizikwa upya katika Kanisa Kuu la Leicester. Jeneza lilitengenezwa na Michael Ibsen kwa mikono yake. Kanisa Kuu hilo ndilo lile St Martin la kasisi Vaughan, na liko hatua chache kutoka maegesho yale.

Uvumi mmoja wa uongo, mmoja karibu na kweli

Kwa hiyo je, masimulizi ya mitaani ni porojo? Subiri. Wakazi wa Leicester walisema kwa muda mrefu kwamba Kanisa Kuu limesimama juu ya hekalu la Warumi. Jambo hilo lilichukuliwa kuwa hadithi za wazee. Ulipokuja mradi wa kujenga ukumbi mpya kando ya kanisa, waakiolojia walichimba uwanja wa makaburi, wakatoa mabaki ya watu zaidi ya 1,100. Wakaendelea kushuka. Kiasi cha mita tatu chini ya mji wa leo walikuta chumba cha Kirumi kilichochimbwa ardhini, chenye kuta zilizopakwa rangi, na ndani yake kipande cha jiwe kilichochongwa, sentimita 25 kwa 15. Ni kitako cha madhabahu ndogo. Habari ilitangazwa mwaka 2023. Si hekalu kubwa lenye nguzo. Inaelekea ni mahali pa ibada ya watu wachache. Lakini wazee hawakuwa wamekosea sana.

Baina ya kibao cha Broadbent na madhabahu ile ndipo faida ya mihadhara inapoonekana. Uvumi unaosemwa barabarani haupimwi na mtu. Ukisemwa ukumbini, mbele ya watu wenye ramani na madaftari, unaweza kuulizwa: nani alisema kwanza, mwaka gani, na ameandika wapi?

Mawili ya haraka haraka

Daniel Lambert, aliyewahi kuwa mlinzi wa gereza la Leicester, alipofariki mwaka 1809 alikuwa na uzito wa kilo 335 hivi. Ukuta wa chumba ulibomolewa ili jeneza litoke, na jeneza lenyewe lilitiwa magurudumu. Nguo zake ziko makumbushoni mjini.

Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, fundi samani na mhubiri wa Kibaptisti, aliwapakia watu kama 500 kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mtu. Walikuwa wakienda kwenye mkutano wa kupinga pombe. Biashara kubwa ya utalii wa pamoja ikaanzia kwenye safari hiyo isiyo na bia.

Ukumbi wa mwaka 1390

Ukumbi wa kifahari kuliko yote kwa jambo hili ni Guildhall, jengo la mbao nyeusi na plasta nyeupe pembeni mwa Kanisa Kuu. Sehemu yake ya zamani ni ya mwaka 1390 hivi. Lilijengwa na chama cha kidini cha matajiri, likawa makao ya baraza la mji mpaka mwaka 1876, na katika karne ya 19 likawa pia kituo cha polisi chenye mahabusu, ambazo bado zinaonekana. Maboriti ya paa yamepinda kama yalivyokatwa msituni. Leo ni makumbusho, na mihadhara hufanyika chini ya maboriti hayo hayo.

Je, wajua kwamba sensa moja iliungua yote?

Anayeandaa mazungumzo kuhusu mtaa wake huko Uingereza ana hazina ya nyaraka. Vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko viliamriwa kuanza mwaka 1538. Sensa hufanywa kila miaka kumi tangu 1801, na kuanzia 1841 ina majina ya watu, nyumba kwa nyumba. Sheria huzifunga karatasi hizo kwa miaka 100. Ile ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na wapenzi wa historia walikesha.

Baada ya hapo kuna pengo. Sensa ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942. Ya 1941 haikufanywa kwa sababu ya vita. Orodha ya dharura iliyoandikwa Septemba 1939 husaidia kidogo. Inayofuata ni ya 1951, itakayofunguliwa mwaka 2052. Kwa kipindi hicho chote, aliyekaa nyumba namba 14 anajulikana zaidi kwa watu wanaomkumbuka. Ndiyo maana yule mzee anayebishana kuhusu mlango wa kiwanda asiambiwe akae chini. Leicester walilielewa hilo mapema. Kazi ya kurekodi sauti za wazee ilianza mjini katika miaka ya 1980, na mwaka 2001 ikapata hifadhi rasmi katika chuo kikuu kwa ajili ya eneo zima la mashariki ya kati ya nchi.

Tangazo lililowaambia watu wasije

Sehemu kubwa ya historia ya Leicester ya karne ya 20 ilianza Afrika Mashariki.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda, na muda waliopewa ukawa siku 90. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza. Leicester tayari ilikuwa na Wahindi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na habari zilikuwa zimefika Kampala kwamba kule kuna kazi katika viwanda vya soksi na viatu. Baraza la mji likaingiwa na hofu. Tarehe 15 Septemba 1972 likalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwaambia wasomaji kwamba nyumba zimejaa, shule zimejaa, na kwamba kwa faida yao wenyewe wasije Leicester.

Watu kama 28,000 waliingia Uingereza kutoka Uganda, na maelfu kati yao wakaenda Leicester. Wengi husimulia kwa kicheko kwamba walikuwa hawajawahi kuusikia mji huo mpaka walipousoma kwenye tangazo. Mwenye duka wa Jinja akawa mfanyakazi wa mashine. Mwezi Mei 1974 mamia ya wafanyakazi wa kiwanda cha taipureta cha Imperial, wengi wao Waasia kutoka Afrika Mashariki, waligoma kwa karibu miezi mitatu wakidai wamepunjwa bonasi na kunyimwa haki sawa na wenzao weupe. Chama chao cha wafanyakazi hakikuwaunga mkono. Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa.

Waliobaki walifungua maduka. Barabara ya Belgrave, iliyokuwa imeanza kuchakaa, ikajaa vito vya dhahabu, sari na mboga, na taa zake za Diwali sasa zinahesabiwa kuwa miongoni mwa sherehe kubwa za sikukuu hiyo nje ya India. Ukiketi mgahawani huko unaweza kuagiza muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu, na aliyeupika si ajabu akakuuliza kwa Kiswahili unatoka wapi. Mwaka 1976 redio ya BBC ya mji huo ilianzisha kipindi cha jioni kwa ajili yao, na kipindi hicho ndicho mzizi wa idhaa ya taifa ya Waasia iliyopo leo. Sensa ya 2021 ilikuta kwamba watu wenye asili ya Asia ni zaidi ya asilimia 43 ya wakazi, wengi kuliko kundi lolote lingine.

Tangazo lile sasa huonyeshwa kwenye skrini katika mihadhara ile ile iliyokuwa ikijadili Warumi na watawa. Ulipotimia mwaka wa 50, mwaka 2022, makumbusho ya New Walk yaliweka maonyesho kuhusu safari hiyo, yakiwa na vitu na sauti za wenyewe. Nimependa kwamba mji haukulificha. Kuna miji ambayo ingelichoma gazeti.

Lakini karatasi za serikali hazitawasaidia wajukuu kwa muda mrefu bado. Sensa ya kwanza kuwakuta Leicester waliofika mwaka 1972 ni ya 1981, nayo itafunguliwa mwaka 2082. Waliokuwa na miaka 30 walipotua na sanduku moja wamevuka 80 sasa. Kama mmoja wao ni jamaa yako, awe Leicester, Toronto au Mombasa, weka simu mezani mbele yake, bonyeza kurekodi, na umuulize duka lao lilikuwa mtaa gani na jirani yao alikuwa nani.